Salama Kabisa ya Mzee Kitundu

Kila asubuhi saa mbili kamili Pima ilitusalimia, na kila asubuhi tuliidanganya bila kujua kwamba tunadanganya.

"Habari za leo, Sauda?" iliniuliza kutoka kwenye kisikizi kidogo cha shaba kilichobandikwa pembeni mwa meza yangu.

"Nzuri tu, ahsante," nikajibu, huku natafuta chaja, huku kiatu kipya kinanitafuna kisigino, huku mwenye nyumba wangu amenitumia ujumbe wa tatu tangu alfajiri.

"Habari za leo, Bwana Kitundu?"

"Salama kabisa," akajibu Mzee Elifasi Kitundu kutoka meza ya jirani, na nakuapia hata mimi niliyekuwa na hasira za kiatu nilijisikia nafuu.

Sauti hiyo ilikuwa mali ya jimbo zima. Karani wa Manyoni akifiwa na kompyuta yake katikati ya orodha ya mishahara, hakuwa anaomba msaada, alikuwa anamwomba Kitundu. Nesi wa Kiomboi alikata simu yangu mara mbili ili akija kupokelewa tena ampate yeye. Sikuona wivu. Ndiye aliyenifundisha kazi, miaka minne iliyopita, nikiwa najua kila kitu kuhusu kompyuta na sijui lolote kuhusu watu. "Anayekupigia, mkubwa wake amesimama mgongoni," aliniambia siku ya kwanza. "Ukianza kwa kugugumia umemwongezea msiba. Kwanza mpe salama yako. Mashine baadaye."

Sasa nieleze Pima, kwa sababu hapo ndipo penye kisa.

Zamani mishahara ilipangwa na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, na kila mtu alilalamika. Jimbo la Kati likaamua ujira ufuate maisha. Pima ilijua bei ya kila kitu kila siku: unga, mafuta ya alizeti, maji, chumba kimoja cha Misuna na vyumba viwili vya Utemini. Lakini bei peke yake haisemi inamuumiza nani. Kwa hiyo Pima iliuliza watu hali zao na kupima maneno yao pamoja na sauti zinazojibu: zinatetemeka wapi, zinakauka wapi, zinatafuta pumzi wapi. Hicho kiliitwa uzito. Bei mara uzito, huo ndio mshahara wa fani yako kwa miezi mitatu inayofuata. Na ili isiyumbishwe na mtu mmoja aliyeamka vibaya, kila fani ilichaguliwa sauti kigezo, ile inayosikika zaidi na kutulia zaidi, na sauti nyingine zote zikapimwa kwayo.

Sauti kigezo ya wahudumu wa kompyuta, watu elfu mbili mia moja arobaini wa jimbo hili, ilikuwa ya Mzee Kitundu.

Unaweza kukisia matokeo. Tulikuwa fani ya mwisho kwa ujira katika Jimbo la Kati. Wapamba kumbi walitupita. Wanaofua mashuka ya hoteli walitupita, na sina ugomvi nao, ila wao wakikasirika wanakasirika hadharani. Wahandisi wa minara ya upepo walipohamia mjini kwa mamia, kodi ya nyumba ilipanda mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na Pima ikaiona hiyo kodi vizuri kabisa, ikatuuliza kama inatulemea. Tukasema nzuri tu. Tukasema hatujambo. Mzee Kitundu akasema salama kabisa.

*

Ijumaa ya kufunga kipimo cha robo mwaka, kama saa nne asubuhi, chumba cha mashine kilileta malalamiko: safu ya saba imepata joto kupita kiasi. Nikachukua bisibisi na tochi nikashuka. Kwa kanuni, tengenezo lolote la chumba cha mashine hurekodiwa, kwa hiyo nilibana kinasa sauti kwenye kola ya shati, nikataja jina langu na saa, nikaenda.

Sababu ya joto niliiona mara moja. Kwenye tundu la kutolea hewa la safu ya saba yalikuwa yametundikwa mashati manne ya mikono mirefu, yamenyooshwa vizuri, yamekaribia kukauka. Niliyajua yote. Nyuma ya safu, pale ambapo ukuta na mashine vinaacha nafasi ya mtu mmoja kulala ubavu, palikuwa na godoro jembamba lililokunjwa, ndoo ya bluu yenye kifuniko, na sufuria ya choroko iliyowekwa juu ya mashine ya akiba ili ipate joto taratibu.

Nilikaa chini kwenye lile godoro. Nilifikiria kuondoka, nipande juu niandike kwamba feni imesafishwa. Ndivyo mtu mwenye adabu angefanya. Lakini mlango ukafunguka na Mzee Kitundu akaingia, ameshika kijiko.

Tukatazamana.

"Umeamkaje, Mzee," nikasema, kana kwamba hatukuwa tumeshinda pamoja tangu saa mbili.

"Nimeamka salama, binti."

"Habari za nyumbani?"

"Nyumbani hawajambo. Mwanangu Kondo alipiga simu kutoka Kahama. Mtoto wake ameanza kutambaa."

"Tumshukuru Mungu. Na magoti yako?"

"Magoti ni ya umri tu."

"Na hapa," nikauliza, nikiangalia ndoo badala ya uso wake, "hapa kukoje?"

Alikuja akaketi upande wa pili wa godoro. Mashine zilikuwa zinavuma. Alikoroga choroko kwa kijiko, muda mrefu kuliko choroko zinavyohitaji.

"Hapa kuna joto," akasema. "Ila si pabaya. Mwezi wa tisa mwenye nyumba alinipandishia kodi mara ya tatu. Nikampa vitu vya ndani vifidie deni, nikatoka na hivi unavyoviona. Nilidhani itakuwa wiki mbili. Haya nakwambia wewe, Sauda. Kondo hajui. Kanisani hawajui. Sitaki watu waanze kunichangia kama maiti."

Nikamwambia sitasema. Tukala choroko kwa kijiko kimoja, kwa zamu, na zilikuwa na chumvi nyingi, nikamwambia, akasema mkewe marehemu alikuwa analalamika hivyohivyo.

Nilipofika juu ndipo nilipogusa kola na kukuta kinasa sauti bado kina joto, bado kinarekodi.

*

Bi Agripina, mkuu wa dawati letu, aliniita kabla sijaketi. Ni mwanamke mwembamba anayevaa koti mwezi wowote ule, na hana roho mbaya, hilo niliweke wazi. Mafaili ya matengenezo humfikia papo hapo kutoka kwenye kinasa. Alikuwa ameshasikiliza.

Alifunga mlango akabaki amesimama.

"Nimelia hapa," akasema. "Usiwaambie wenzako." Kisha akageuza kioo cha kompyuta kinielekee. "Ona kifungu hiki. Mtu wa fani anaruhusiwa kuambatanisha sauti ya mwenzake iliyochukuliwa kazini, iwe ushahidi wa nyongeza. Haihitaji idhini ya mwenyewe. Walioiandika sheria walikuwa wanafikiria watu wa migodini wanaoogopa wakubwa."

"Mzee haogopi mtu."

"Ndiyo maana hatasema kamwe. Sauda, hii ni sauti kigezo. Dakika mbili za sauti kigezo ikisema ukweli. Nimejaribu hesabu pembeni: ujira wetu unapanda kwa theluthi mbili. Wa watu wote. Yule kijana wa Itigi anayelala kwa shemeji yake. Wewe. Mimi, mwanangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, kama unataka kujua." Aliketi mwishowe. "Kipimo kinafungwa saa tisa. Kurekodi umerekodi wewe, kwa hiyo kuambatanisha unaambatanisha wewe. Siwezi kukulazimisha na sitakulazimisha. Ila robo ijayo ni miezi mitatu, na yeye ana miaka hamsini na minane, analala nyuma ya feni."

"Sauti hiyo ikienda kwa Pima, nani ataisikia?"

"Kamati ya jimbo, watu tisa. Na kwa kuwa ni ushahidi, itabandikwa pamoja na kipimo." Hakunitazama. "Kwa hiyo yeyote atakayetaka."

Kondo wa Kahama, kwa mfano. Watu wa kanisani, kwa mfano.

Nilirudi mezani kwangu saa sita na robo. Mzee Kitundu alikuwa anamwelekeza mama mmoja wa Ikungi jinsi ya kuzima mashine na kuiwasha, kwa upole ule ule, ungedhani anamfundisha kumbatiza mtoto. Nilimchukia kidogo wakati ule. Nataka niseme kweli. Nilikuwa nimekunywa chai bila sukari wiki nzima ili mtu huyu aendelee kuwa salama.

Nikavaa visikizio nikaisikiliza rekodi. Nilitaka nione kama ni mbaya kama ninavyoikumbuka, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu safari hii sikuwa naona uso wake akijitahidi kutabasamu. "Haya nakwambia wewe, Sauda." Nikairudisha nyuma. Nikaisikiliza tena kuanzia mwanzo, mlango unapofunguka.

Nimeamka salama. Nyumbani hawajambo. Magoti ni ya umri tu. Hapa kuna joto, ila.

Nilivua visikizio.

Mtu yeyote wa kwetu anajua hili, na pengine ndiyo maana hakuna aliyewahi kulisema. Hatuanzi na msiba. Mtu akikupigia kukuambia shangazi amefariki, kwanza atakuambia hawajambo, wazima wote, mvua imenyesha, ila. Si uongo huo. Ni kumpa mwenzako mahali pa kukaa kabla hujamtwisha mzigo. Na anayeuliza naye anajua kazi yake: anauliza ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, hadi mlango ufunguke wenyewe. Walioitunga Pima walitoka mahali ambapo mtu akiulizwa hali yake, anaitaja hali yake. Kwa hiyo iliuliza mara moja, ikasikiliza sekunde tano, ikashukuru, ikaondoka. Tangu siku ya kwanza ilikuwa inaondoka kwetu kabla ya neno "ila".

Tena sheria iliifunga: hairuhusiwi kusikiliza chochote zaidi ya jibu la swali lake yenyewe. Sheria nzuri. Sikutaka kuigusa, na nisingeweza. Lakini maneno ya salamu, ya swali lenyewe, hayo yalikuwa yetu. Yalikaa kwenye faili dogo la dawati la msaada, chini ya kichwa "lugha na milio". Mara ya mwisho kuguswa ilikuwa miaka mitatu nyuma, tulipoondoa mlio wa kuku ambao watu wa Mkalama walisema unawavuruga majogoo wao.

Siku ya kufunga kipimo Pima huuliza mara ya pili, dakika chache kabla ya saa tisa. Nikafungua faili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Niliandika maswali manne badala ya moja, kama nilivyomuuliza Mzee kule chini, na baada ya kila swali nikaweka subira: isihesabu sekunde, ingoje mtu akae kimya kabisa. Mwanzoni kabisa nikaweka sentensi moja ya kusema wazi kwamba hii ni Pima, yanayosemwa yanapimwa, na asiyetaka atajibu salama kwa kila swali na haitamsumbua zaidi. Nikaomba idhini ya mkuu wa dawati. Bi Agripina alinipigia kutoka chumba cha pili.

"Na ile sauti?"

"Siambatanishi."

"Sauda, hajawahi kuiambia mashine chochote zaidi ya salama kwa miaka minane. Umebakiwa na saa moja na nusu. Akisema salama mara nne?"

"Atakuwa amesema salama mara nne, Bi Agripina."

Alivuta pumzi nikaisikia kwenye waya. Kisha kitufe cha idhini kikawa cha kijani.

*

Nilisubiri hadi Mzee alipomaliza simu ya saa nane na nusu, nikasogeza kiti changu hadi meza yake.

"Mzee, nimekukosea," nikamwambia, na nikamweleza yote: kinasa sauti, kifungu cha sheria, theluthi mbili. Alisikiliza ameegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Kumbe nilikuwa nahutubia umma," akasema.

"Naifuta mbele yako." Nikaifuta. Jina la faili likatoweka kwenye kioo, na nilijua vizuri nimefuta nini, cha akina nani.

Alikuwa ananitazama kama anavyotazama mashine inayokataa kuwaka.

"Wewe unakula nini siku hizi, binti?"

"Nakula vizuri."

"Vizuri," akarudia.

Ningeongeza neno ningelia, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili. Nikarudisha kiti changu mezani kwangu. Pima ilianza na mimi. Nikaijibu maswali yote manne, na kwenye la tatu nikashangaa kujisikia nikiisimulia kuhusu chai isiyo na sukari. Kisha kisikizi cha meza ya jirani kikalia.

"Habari za leo, Bwana Kitundu? Hii ni Pima. Utakayosema yatapimwa. Ukitaka kujibu salama tu kwa kila swali, inatosha."

"Salama kabisa," akasema.

Nilifumba macho.

"Tunashukuru. Habari za nyumbani?"

Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye simu; nadhani alidhani imeshaondoka. "Hawajambo."

"Na afya yako?"

"Afya... magoti tu. Ya umri."

"Pole. Na hapo unapoishi, kukoje?"

Hakujibu. Pima haikushukuru wala haikuondoka. Ilingoja. Dakika nzima ilipita, na simu tatu zikaita bila mtu kuzipokea, na wahudumu wenzetu wakaanza kugeuza shingo. Nilitaka kusimama niizime. Nilikuwa nimeshaweka mikono kwenye ukingo wa meza.

"Siishi mahali," Mzee Kitundu akasema.

Sauti yake haikuwa na kitu kipya. Ilikuwa ile ile ya kumtuliza karani wa Manyoni, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Aliisimulia yote kwa utaratibu: kodi, vitu vya ndani, godoro. Akaisimulia na yale ambayo mimi sikuambiwa. Kwamba anakula mara moja kwa siku, mchana, na jioni hulala mapema ili asiisikie njaa. Kwamba Jumapili hukaa kanisani hadi ibada ya mwisho kwa sababu pana viti. Kwamba Jimbo la Ziwa lilimwita mara mbili, kwa mshahara maradufu na nyumba juu.

"Nilikataa," akaiambia Pima. "Kuna binti hapa dawatini. Ana akili kuliko sisi wote na hasira kama siafu. Nikiondoka ataachia kazi ndani ya wiki. Nilijisemea nimmalizie kumfundisha kwanza. Sasa naona na yeye hashibi. Kwa hiyo andika na hilo. Andika kwamba hali chakula vizuri, na ananificha."

Saa tisa ililia. Kwa kanuni, aliyeanza kujibu kabla ya saa hakatizwi. Mzee aliendelea hadi saa tisa na dakika kumi na nane. Nikatazama ramani ya jimbo kwenye kioo changu, pale ambapo kila anayejibu Pima huonekana kwa nukta, na nukta zilikuwa bado zinawaka Itigi, Manyoni, Kiomboi, Mkalama, mamia kwa mamia, watu ambao hawajamaliza kusema.

*

Ujira ulipanda kwa zaidi ya nusu. Haukufika theluthi mbili, na Bi Agripina alinikumbusha hilo mara moja, akaacha. Mwanawe alirudi shule Jumatano. Kamati ya jimbo ilituandikia barua kali kuhusu faili la lugha na milio, kisha ikaomba nakala yake kwa ajili ya fani nyingine.

Mzee Kitundu alipewa onyo la maandishi kwa kuishi kwenye chumba cha mashine, na siku saba za kuhama. Kondo alijua. Alikuja kwa gari la usiku kutoka Kahama, akamfokea babaye mbele ya dawati zima hadi akaishiwa sauti, kisha akamkumbatia na hakumwachia. Watu wa kanisani nao walijua, na walichanga, na alichukia kama alivyosema atachukia, na alipokea.

Chumba alikipata Misuna, kimoja, chenye bati jipya na dirisha linaloangalia minara ya upepo. Jumamosi aliyohamia, jioni, nilifika na kilo mbili za sukari na beseni jipya. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona ameketi ndani kwenye kiti pekee alichonacho, na yeye aliniona, tulikuwa hatua nne tu.

"Hodi," nikasema.

Akanitazama, akaangalia pembeni kama mtu ambaye hakusikia.

"Hodi, Mzee. Beseni zito."

Akasugua paja, akatazama dari, akatazama kuta zake nne moja baada ya nyingine. Miezi minane mtu huyu hakuwa na mlango wa kubishiwa hodi. Nilishusha beseni chini, nikasogea hadi kizingitini, nikasimama vizuri.

"Hodi," nikasema mara ya tatu.

"Karibu," akasema Mzee Kitundu, na sauti yake, iliyotulia miaka yote ile, ikakatika katikati. "Karibu ndani, mwanangu. Karibu."